Kutumia Kazi Zenye Hakimiliki Katika Ufundishaji wa Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahadhiri na Wanafunzi wa Malindi na Lamu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahadhiri, wengi wao wa muda, wanaoishi Malindi na Lamu na kufundisha katika vyuo vikuu vya Pwani, pamoja na wanafunzi wao, ambao baadhi yao husomea mbali na maktaba kuu ya chuo. Sheria inayozungumziwa ni ya Kenya. Atakayeona kwamba jambo lake lina utata au lina fedha nyingi ndani yake amwone wakili, au aulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Je, kazi yoyote inaweza kutumiwa bila ruhusa maadamu ni kwa ajili ya kufundishia?

La. Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, na mengi ya maswali yanayofuata yanatokana nalo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwezi wa Februari 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, haimpi mhadhiri kibali cha jumla. Inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki au mapitio, na kuripoti matukio ya wakati uliopo, kwa sharti kwamba chanzo kitajwe. Kufundisha hakumo katika orodha hiyo. Mambo ya elimu yamewekewa ruhusa zake maalumu, nazo ni nyembamba: kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja katika mkusanyiko uliotungwa kwa ajili ya shule au chuo kikuu, kurusha hewani vipindi vya mafunzo ya utaratibu maalumu na kunakili vipindi hivyo kwa matumizi ya darasani, na mtu mmoja kusoma mbele ya hadhira sehemu ya kiasi ya kazi iliyochapishwa huku akimtaja mtunzi.

Mara nyingi mhadhiri hutaja vigezo vinne alivyovisoma mtandaoni, kwamba yatazamwe madhumuni, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Vigezo hivyo ni vya sheria ya Marekani ya mwaka 1976. Vinaweza kumsaidia mtu kupima dhamiri yake, lakini havimkingi katika mahakama ya Malindi.

Kitabu kimechapishwa London au Chicago. Je, sheria ya Kenya inakihusu?

Inakihusu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na kwa mkataba huo kazi ya mgeni hulindwa hapa kama ya mwenyeji. Kinachofanywa hapa na kazi hiyo hupimwa kwa sheria ya hapa.

Ni vitu gani ambavyo havina hakimiliki kabisa?

Sheria zilizoandikwa na hukumu za mahakama hazihesabiwi kuwa kazi za maandishi zenye ulinzi. Mhadhiri wa sheria anaweza kutoa nakala za Katiba ya mwaka 2010, au za hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi kuhusu mgogoro wa ardhi, akawagawia wanafunzi wote bila kumwomba mtu. Ajihadhari tu na mihtasari na maelezo ambayo mhariri wa kitabu cha hukumu ameyaongeza, kwa kuwa hayo ni jasho la mhariri. Vilevile habari yenyewe haina mwenyewe. Kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 ni jambo ambalo yeyote anaweza kulieleza kwa maneno yake, ingawa aya nzuri aliyoiandika mwanahistoria fulani kuhusu jambo hilo ni yake.

Kusajili kazi kwenye Bodi si sharti la kulindwa. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, kwa hiyo kukosekana kwa alama ya hakimiliki kwenye ukurasa wa kwanza hakumaanishi kwamba kazi hiyo ni ya bure.

Ninaweza kuacha kijitabu cha somo kwenye duka la fotokopi ili wanafunzi wajitolee nakala?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa kuwa ndipo mambo mengi yanapoharibika. Desturi inajulikana: mhadhiri hukusanya sura tatu za kitabu hiki, makala mawili ya jarida lile, na kitabu kizima ambacho nakala yake moja tu imo maktabani. Hufunga zote katika faili, huandika namba ya somo kwa kalamu nene juu ya jalada, kisha humkabidhi mwenye duka lililo karibu na stendi ya matatu za Kilifi. Muhula mzima faili hukaa rafuni na mwanafunzi hufika akasema, “Nipe ile ya fasihi ya mwalimu fulani,” akalipa kwa ukurasa, akaongeza kidogo kwa kutiwa waya wa kujalidi.

Katika mpango huo kuna mambo mawili tofauti, na inafaa yatenganishwe. La kwanza ni mkusanyiko. Kama ndani ya faili mna vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kila kazi, na kila kimoja kimeandikiwa jina la kazi na la mtunzi, na mkusanyiko umetengenezwa kwa ajili ya chuo kikuu kilichoanzishwa kwa mujibu wa sheria, basi mkusanyiko wenyewe uko ndani ya ruhusa. Sura nzima tatu si vifungu vifupi viwili. Kitabu kizima hakina hata mjadala.

La pili ni duka. Mwenye duka si chuo kikuu wala hafanyi utafiti. Anauza nakala na kupata faida. Hata mwanafunzi anayeweza kujitetea kwamba alinakili kurasa chache kwa matumizi binafsi ya kusomea, utetezi wake haumfuniki muuzaji aliyenakili faili lilelile mara mia moja, wala mhadhiri aliyelipeleka pale. Kwa maoni yangu mhadhiri ndiye mwenye kubeba lawama kubwa zaidi katika mpango huu, ingawa askari na wakaguzi, wakija, humkuta mwenye duka.

Njia iliyonyooka ni leseni. Chama kinachosimamia haki za kunakili kazi za maandishi nchini ni KOPIKEN, na leseni yake inaweza kutolewa kwa taasisi au kwa duka la fotokopi, ikaruhusu kunakili kwa viwango vilivyoandikwa ndani yake. Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo mawili: je, chama kina kibali cha Bodi kwa mwaka huu, na je, chuo chako tayari kina leseni inayokuhusu? Mhadhiri wa muda mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa kuhusu leseni ambayo chuo kimekwisha kuilipia.

Kifungu kifupi ni kurasa ngapi?

Sheria haikutaja idadi. Asilimia kumi inayozungumzwa sana katika vyumba vya wahadhiri haimo ndani ya Sheria ya Kenya, ingawa inaweza kuwamo katika leseni au katika kanuni za ndani za chuo. Pima kwa akili: katika riwaya ya kurasa mia tatu, ukurasa mmoja na nusu ni kifungu kifupi, katika shairi la beti tano, beti nne si kifungu kifupi, bali ni shairi lenyewe lililopungukiwa na ubeti. Jiulize pia kama mwanafunzi aliyepewa kipande hicho bado ana sababu ya kukitafuta kitabu.

Nimepata PDF ya kitabu. Nikiituma kwenye kundi la wasapu la darasa kuna ubaya?

Upo. Kutuma faili ni kunakili na kuisambaza kazi kwa umma, na kundi la wanafunzi mia na ishirini halifanani na matumizi binafsi hata kidogo. Haijalishi kwamba hukupata senti. Faili nyingi zinazozunguka namna hiyo zilitoka kwenye tovuti za wizi, na wala hakuna anayeweza kujua nakala hiyo imekatwa wapi au imebadilishwa nini.

Badala ya faili, tuma kiungo. Vyuo vikuu vingi nchini hupata majarida na vitabu vya kielektroniki kupitia KLISC, muungano wa maktaba unaolipia usajili kwa pamoja, na mwanafunzi aliyeko Mpeketoni au Faza anaweza kuingia kwa nywila ya chuo bila kufika maktabani, mradi mtandao unampa nafasi. Tatizo la mtandao wa visiwani ni la kweli na halifai kudharauliwa. Mwanafunzi akipakua makala mwenyewe siku moja anapokuwa kwenye mtandao wa chuo, akayahifadhi kwenye simu yake kwa ajili ya kusomea, yuko ndani ya matumizi binafsi na kwa kawaida yuko ndani ya masharti ya usajili pia. Mwalimu akipakua yeye na kuwarushia wote, mambo mawili hayo huvunjika kwa pamoja. Kama mnalazimika kutumia mfumo wa masomo wa chuo, ufungeni kwa nywila, wekeni kile tu kilichoruhusiwa, na kiondoeni muhula unapokwisha.

Nafundisha ushairi wa kale wa Kiswahili. Tenzi za Lamu na Pate si mali ya wote?

Tenzi zenyewe, ndiyo. Vitabu vilivyozibeba, si lazima. Kwa Kenya, kazi ya maandishi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka aliofariki. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alifariki miaka michache tu baadaye. Hakuna hesabu yoyote inayoweza kuuweka utendi huo chini ya hakimiliki leo. Vivyo hivyo kwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mwalimu anaweza kuzinakili beti hizo zote, kuzichapisha na kuziimba.

Lakini mwanafunzi hasomi beti zinazoelea hewani. Anasoma toleo ambalo mhariri fulani ameligeuza kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kirumi, akalinganisha miswada, akaandika utangulizi, akafasiri kwa Kiingereza na kueleza msamiati mgumu wa Kiamu chini ya kila ukurasa. Utangulizi, tafsiri na maelezo hayo yana hakimiliki ya mhariri, na miaka 50 huhesabiwa tangu kifo chake yeye. Ukitaka kuwagawia wanafunzi utenzi mzima, toa matini tupu bila maelezo ya mtu, au andika maelezo yako. Mwalimu aliyezaliwa Langoni au Mkomani, aliyekua akiyasikia maneno hayo nyumbani, huenda maelezo yake yakawa bora kuliko ya mgeni.

Miswada iliyohifadhiwa majumbani ina jambo lake. Muswada wa karne ya 19 umetoka katika hakimiliki, lakini karatasi ni mali ya familia, na familia ina haki ya kukataa kuutoa au kuweka masharti kabla ya kukuruhusu kuupiga picha. Masharti hayo yaheshimuni kama ahadi, si kama hakimiliki. Taasisi kama maktaba ya SOAS jijini London na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo zina makusanyo makubwa ya miswada ya Kiswahili, nazo zina masharti yake kuhusu picha za miswada hiyo.

Kwa watunzi wa karne ya 20, hesabu lazima ifanywe kwa mmoja mmoja. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya Kenya, ulinzi wa maandishi yake uliisha mwishoni mwa mwaka 2012. Katika nchi za Ulaya zinazofuata miaka 70 unaweza kuendelea hadi mwisho wa 2032, jambo la kukumbukwa na anayetaka kuyaweka kwenye tovuti inayosomwa huko. Watunzi wengi wanaofundishwa vyuoni bado wako hai au wamefariki karibuni, na kwao jibu ni fupi: nunua kitabu, au omba ruhusa.

Ninaweza kutafsiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu?

Haki ya kutafsiri ni ya mwenye hakimiliki. Kueleza hoja za makala hayo kwa Kiswahili chako mwenyewe, ukimtaja mwandishi, ni ufundishaji wa kawaida na hauhitaji idhini. Kugawa tafsiri iliyoandikwa ya makala mazima kunahitaji idhini.

Na picha kwenye slaidi?

Picha huhesabiwa tofauti na maandishi: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, yoyote iliyo ya mwisho kati ya hiyo. Picha ya mtaa wa Malindi iliyochapishwa mwaka 1958 ni huru. Iliyopigwa mwaka huohuo, ikakaa sandukuni na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1995, bado inalindwa.

Kwa vitu vilivyo mahali pa wazi, kama Nguzo ya Vasco da Gama au mlango wa nakshi unaotazama barabara ya Lamu, sheria inaruhusu kazi ya sanaa inayoonekana na umma inakiliwe. Basi toka na simu yako ukapige picha. Unachokosa ruhusa nacho ni picha nzuri ya mlango huohuo iliyopigwa na mpiga picha wa gazeti au wa hoteli, ambayo umeinyofoa kwenye mtandao. Ndani ya hifadhi ya magofu ya Gedi, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulizia masharti ya wasimamizi kuhusu upigaji picha kabla ya kuanza.

Filamu, video na nyimbo za taarab darasani je?

Wimbo mmoja wa taarab unaweza kuwa na wenye haki wanne: aliyetunga maneno, aliyetunga muziki, aliyeimba na kupiga ala, na aliyegharamia kurekodi. Kifo cha mmoja hakimalizi haki za wengine. Kusikiliza kipande kifupi ili kichambuliwe kimuziki na kiushairi kunaingia vizuri katika uhakiki. Kucheza kanda nzima kwenye hafla ya idara ni onyesho kwa umma, na kunahitaji leseni ya vyama vinavyosimamia haki za muziki.

Kwa video za YouTube, fungua kiungo darasani badala ya kupakua faili, kwa kuwa masharti ya huduma hiyo yanakataza kupakua bila ruhusa. Akaunti ya Netflix ya nyumbani haikutolewa kwa ajili ya ukumbi wa mihadhara, ingawa baadhi ya filamu zake za hali halisi zina ruhusa ya onyesho la kielimu. Soma maelezo ya filamu husika kwanza.

Nimemrekodi mzee wa Siyu akighani utenzi. Rekodi ni yangu?

Sauti iliyorekodiwa kisheria huwa ya aliyepanga urekodi, yaani wewe. Lakini mzee ana haki za mghani juu ya ughani wake, na kama beti ni zake mwenyewe, ana hakimiliki ya beti hizo pia. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016 inatambua kwamba jamii ina haki juu ya urithi wake wa mapokeo, na Ibara ya 11 ya Katiba inataka jamii zifidiwe pale utamaduni wao unapotumiwa. Kwa hiyo idhini uliyopewa barazani ya “rekodi tu, mwanangu” haitoshi kukuruhusu kuiweka rekodi hiyo mtandaoni. Mweleze mzee mbele ya mtu wake wa karibu kwamba sauti itasikilizwa darasani, au itawekwa hadharani, au vyote viwili; andika walichokubali, na muachie nakala. Mzee akisema baadhi ya beti haziimbwi nje ya hafla yake, zikate.

Mihadhara yangu ni mali ya nani? Na tasnifu ya mwanafunzi?

Kazi iliyofanywa katika ajira huwa ya mwajiri ikiwa mkataba haukusema vingine, kwa hiyo usome mkataba wako, hasa kama ulifundisha kwa muhula mmoja na sasa chuo kinataka kuendelea kutumia video zako. Mwanafunzi si mwajiriwa; tasnifu ni yake, isipokuwa alipotia saini makubaliano. Msimamizi hawezi kugawa sura za tasnifu hiyo bila idhini, seuze kuzichapisha kwa jina lake.

Makala uliyoandika mwenyewe yanaweza kuwa si yako tena. Uhamisho wa hakimiliki hauna nguvu pasipo maandishi na saini, lakini majarida mengi huidai saini hiyo kabla ya kuchapisha. Itafute barua ile uliyoitia saini kwenye baruapepe zako. Mara nyingi utakuta umeruhusiwa kugawa rasimu iliyokubaliwa, ila si faili lenye mpangilio wa jarida.

Leseni huria zinasaidiaje?

Zinasaidia sana, na ndizo ningependa wahadhiri waanze nazo. Kazi iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons unaweza kuinakili na kuigawa bila kumwandikia mtu, ukifuata herufi zilizoandikwa: BY ni kumtaja mtunzi, NC ni kutofanyia biashara, ND ni kutoibadilisha, SA ni kuitoa kazi mpya kwa leseni ileile. Hapa tafsiri nayo huruhusiwa, isipokuwa penye ND. Kumbuka kwamba penye NC, kuuza kijitabu dukani kwa faida kunaleta matata.

Mwanafunzi wangu haoni. Naweza kumgeuzia kitabu kiwe cha sauti au cha breli?

Unaweza. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona, na marekebisho ya 2019 yaliingiza ruhusa hiyo katika sheria. Nakala iwe ya mtu anayestahiki, isigeuzwe kuwa biashara, na isigawiwe darasa zima. Wasiliana na ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu ili kazi ifanywe kwa jina la taasisi.

Nikihitaji ruhusa, naandika nini na kwa nani?

Mwandikie mchapishaji kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye haki. Kama hayupo tena, mwandikie mtunzi au warithi wake. Taja kitabu, toleo, kurasa kutoka ipi hadi ipi, idadi ya wanafunzi, muhula, namna ya kugawa, na kama kutakuwa na malipo yoyote. Barua isiyo na kurasa hurudishwa na maswali au hutupwa. Iandike mapema, angalau miezi miwili kabla ya muhula kuanza, kwa kuwa wachapishaji wa hapa na wa ng'ambo hawana haraka ya kujibu. Jibu lihifadhi pamoja na nyaraka za somo, ili atakayelichukua somo baada yako ajue ruhusa ilihusu muhula mmoja au yote. Usipojibiwa, usihesabu kimya kuwa ni ridhaa: weka nakala moja ya kitabu kwenye rafu ya akiba ya maktaba, au ubadilishe matini ya somo.